Msamba Unaoushikilia Mwenyewe: Mwongozo wa Unyumbufu na Kunyoosha Misuli kwa Usalama

Msichana amekaa msamba sakafuni. Mapaja yote mawili yamelala chini, mgongo umesimama wima, anaongea na wenzake kana kwamba amekaa kitini. Dakika tano baadaye anakimbia, anaruka, anatanua miguu hewani, na ukiisimamisha video pale alipofika juu kabisa unakuta pembe kati ya mapaja yake ni nyuzi 140 tu. Nyuzi 40 zimekwenda wapi?

Jibu linalotolewa haraka ukumbini ni kwamba anyooshwe zaidi. Nimefundisha watoto muda wa kutosha kujua kwamba jibu hilo si sahihi, na kwamba wakati mwingine linaumiza. Msichana huyu hana upungufu wa kunyumbuka. Chini anasaidiwa na uzito wake na sakafu. Hewani hasaidiwi na yeyote, na misuli yake haina nguvu ya kuupandisha mguu hadi pale ambapo viungo vyake tayari vinaruhusu.

Kwa hiyo kila hatua iliyo hapa chini inafuata kipimo kimoja. Mwanajimnastiki anahitaji unyumbufu anaoweza kuufikia na kuushikilia kwa nguvu zake mwenyewe, pamoja na akiba kidogo. Ukizidisha hapo, unampa kiungo kinachokwenda mbali bila misuli ya kukilinda.

Kiasi gani kinatosha?

Inategemea anafanya jimnastiki ya aina gani. Katika jimnastiki ya wanawake ya vifaa, yaani ile ya kuruka farasi, vyuma, boriti na sakafu, kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Jimnastiki (FIG) zinadai miguu ifunguke nyuzi 180 katika miruko ya msamba. Ikipungua hadi nyuzi 20, mwamuzi anakata 0.10. Ikipungua zaidi ya 20 hadi 45, anakata 0.30. Ikipungua zaidi ya hapo, mruko hautambuliwi tena kuwa ule uliokusudiwa. Zingatia kwamba mwamuzi anapima hewani. Msamba wa sakafuni haumpatii mtu hata nukta moja kama hauonekani kwenye mruko.

Jimnastiki ya mdundo, ile ya utepe na mpira, inadai zaidi: miguu kupita nyuzi 180 na mgongo unaokunjika sana nyuma. Kwa wanaume mzigo mkubwa uko mabegani, kwa sababu ya pete na vyuma, na kwenye nyonga, kwa sababu ya farasi wa mikono na kupanda taratibu kusimama kwa mikono huku miguu imetanuliwa. Anayeruka trampolini anahitaji kukunja mwili mbele magoti yakiwa yamenyooka; msamba kamili haumsaidii sana.

Kuna mambo mawili ambayo kila mwanajimnastiki anayahitaji, na ndiyo yanayosahaulika kuliko yote. La kwanza ni mabega yanayofunguka nyuzi 180, yaani mikono ipande juu hadi ilingane na masikio bila mbavu kutokeza. Asiyeyapata haya hawezi kusimama kwa mikono akiwa amenyooka. Mgongo wake utajipinda kufidia, na atakuwa akiambiwa kila siku "kaza tumbo" ilhali tatizo liko kwapani. La pili ni viganja vinavyokunjika nyuma karibu nyuzi 90 na vifundo vya miguu vinavyoruhusu goti kupita vidole wakati wa kutua. Kiganja kigumu kinaumia kila mkono unapobeba mwili; kifundo kigumu kinapeleka mshindo wa kutua gotini.

Mtoto wa ngazi za mwanzo, anayejifunza kubingirika, kupiga gurudumu na kusimama kwa mikono, hahitaji nyuzi 180 za msamba hata kidogo. Mpe mabega kwanza.

Hatua ya kwanza: pima pengo

Usianze kunyoosha kabla ya kupima. Pasha mwili moto dakika kumi, kisha fanya vipimo hivi, na uviandike kwenye daftari pamoja na tarehe.

Simama mgongo ukiwa umegusa ukuta. Inua mguu mmoja mbele, goti limenyooka, bila mgongo kuachana na ukuta. Ushikilie sekunde tatu. Mtu akupige picha kutoka ubavuni. Kisha urudie, safari hii ukiuvuta mguu kwa mikono hadi mwisho wake usio na maumivu, na upigwe picha ya pili. Tofauti kati ya picha hizo mbili ndiyo pengo lako. Fanya hivyo hivyo kwa pembeni na kwa nyuma; unapoinua mguu nyuma, shika kitu imara.

Kwa mabega, lala chali, kunja magoti, bana kiuno sakafuni, kisha peleka mikono juu ya kichwa viwiko vikiwa vimenyooka. Dole gumba likigusa sakafu huku kiuno kimetulia, uko vizuri. Kiuno kikinyanyuka, hapo ndipo mpaka wa mabega yako ulipo. Usijidanganye na zile nyuzi ulizoziazima mgongoni.

Kwa msamba, pima kwa rula umbali kutoka sakafuni hadi kwenye kinena, kila upande, nyonga zikiwa zimeelekea mbele sawasawa. Wengi hugundua hapa kwamba msamba wao "kamili" ulikuwa wa nyonga iliyogeuka kando.

Sasa soma matokeo. Pengo likiwa kubwa, yaani mkono unaupeleka mguu mbali sana kuliko mguu unavyojipeleka wenyewe, kazi yako ni nguvu. Pengo likiwa dogo na mguu wenyewe uko chini, hapo kunyoosha kuna maana. Rudia vipimo kila baada ya wiki nne, saa ile ile ya siku, kwa sababu mwili wa asubuhi ni mgumu kuliko wa jioni.

Ongeza kipimo cha Beighton, ambacho wataalamu hukitumia kutambua viungo vilivyolegea kupita kawaida. Kina alama 9. Kwa kila upande wa mwili unapata alama moja kama kidole kidogo cha mkono kinarudi nyuma zaidi ya nyuzi 90, dole gumba linagusa kigasha, kiwiko kinapinda kinyume zaidi ya nyuzi 10, na goti vivyo hivyo. Alama ya tisa ni ya kugusa sakafu kwa viganja vyote, magoti yamenyooka. Hii mwanajimnastiki huipata kwa mazoezi tu, kwa hiyo usiipe uzito mkubwa. Mtoto ambaye hajabalehe akifikisha 6, au aliyebalehe akifikisha 5, mchukulie kuwa na viungo vilivyolegea. Watoto hawa hupendwa sana ukumbini kwa sababu wanashuka msamba siku ya kwanza. Ndio wanaohitaji ulinzi mkubwa zaidi. Usiwanyooshe, waimarishe. Dakika zao za kunyoosha zigeuze ziwe za kushikilia mguu hewani, kusimama mguu mmoja na kutua vizuri.

Kinachonyooka na kisichopaswa kunyooka

Unaponyoosha wiki kwa wiki, sehemu kubwa ya maendeleo hutokana na mfumo wa fahamu kuzoea: unavumilia mvuto ambao zamani ubongo ulikuwa ukiuzuia mapema. Ndiyo maana kuvuta kwa nguvu hakusaidii. Mwili unaoogopa hukaza misuli, na unaishia kupigana nao.

Ligamenti ni jambo jingine. Hizo ndizo nyuzi zinazofunga mfupa kwa mfupa, na kazi yake ni kukizuia kiungo kisitoke mahali pake. Zikilegezwa hazirudi kuwa kama zilivyokuwa. Na mfupa haunyooki kabisa: shingo ya mfupa wa paja na kikombe cha nyonga vina umbo tofauti kwa kila mtu, na kuna mtu ambaye msamba wake wa kati utafika mwisho mfupa ukigonga mfupa. Huyo usimwite mvivu.

Jifunze kutofautisha hisia. Mvuto ulioenea katikati ya msuli, unaopungua ukitoa pumzi polepole, ni salama. Hisi hizi zifuatazo ni amri ya kuacha papo hapo: maumivu makali chini ya kalio, pale kwenye mfupa unaokalia, maumivu nyuma ya goti, kubanwa mbele ya nyonga, ganzi au kama sindano zinazotembea kuelekea mguuni, kuchomwa katika kiuno wakati wa kukunja mgongo nyuma. Mfundishe mtoto maneno ya kueleza hayo. Mtoto anayejua kusema "naumia hapa kwenye mfupa" ni rahisi kumlinda kuliko yule anayejua kulia tu, au aliyefundishwa kutolia.

Hatua ya pili: panga siku yako

Kunyoosha mwili uliopoa ni kosa la kwanza ninaloliona. Anza na dakika tano hadi kumi za kukimbia, kuruka kamba, kutambaa, chochote kinacholeta jasho jepesi. Kisha nyoosha kwa mwendo: kurusha mguu mbele, kando na nyuma mara kumi kumi kwa kudhibiti, kuzungusha mabega, kupiga hatua ndefu huku ukishusha goti la nyuma. Mguu upande kwa nguvu yako na ushuke kwa nguvu yako. Usiutupe kama kamba.

Je, unaweza kukaa msamba kabla ya mazoezi? Kwa muda mfupi, ndiyo. Sekunde 15 hadi 30 kwa msuli hazina madhara ya maana. Lakini kumkalisha mtu kwenye mnyoosho mmoja zaidi ya dakika moja, kisha ukamtuma kuruka farasi, ni kumpunguzia nguvu za kulipuka kwa muda. Minyoosho mirefu ipeleke mwisho wa mazoezi, mwili ukiwa na joto na hakuna tena mruko mbele, au iwe na kipindi chake chenyewe.

Hatua ya tatu: msamba, kwa utaratibu

Nitakaa zaidi hapa kwa sababu ndipo watu wanapoumia.

Piga goti moja, mguu mwingine mbele, kama mtu anayetaka kufunga kamba ya kiatu. Kabla ya kusogea mbele, kaza kalio la mguu wa nyuma na uvute mkia wa mgongo chini. Utashangaa: mvuto unakuja mbele ya nyonga hata kabla hujasogea. Shikilia sekunde 30, mara mbili kila upande. Ukiiacha nyonga ilale mbele na mgongo ukajipinda, umenyoosha hewa na kukibana kiuno.

Lala chali, pitisha taulo kwenye unyayo, inua mguu mmoja ukiwa umenyooka huku mwingine umelala chini. Sekunde 30, mara mbili. Mvuto uwe katikati ya paja kwa nyuma. Ukiuhisi nyuma ya goti, kunja goti kidogo.

Sasa shuka kwenye msamba, mikono juu ya matofali ya mazoezi au mito migumu miwili, moja kila upande. Goti la mbele litazame juu, la nyuma litazame sakafu, na mifupa miwili ya mbele ya nyonga ielekee mbele kama taa za gari. Ni bora ubaki sentimita 15 juu ukiwa umenyooka kuliko kugusa chini ukiwa umegeuka, maana mruko utaiga kile ulichozoea chini.

Ukifika mahali ambapo mvuto ni wa wastani, fanya hivi: sukuma kisigino cha mbele na mguu wa nyuma sakafuni kana kwamba unataka kuukunja mkeka katikati, kwa theluthi moja ya nguvu zako, sekunde sita. Usizuie pumzi. Legeza, toa pumzi ndefu, shuka kidogo, na utulie sekunde 20 hadi 30. Mizunguko mitatu inatosha. Mbinu hii ya kukaza na kulegeza inafanya kazi vizuri, lakini inachosha misuli, kwa hiyo usiifanye kila siku. Mara mbili au tatu kwa wiki. Mtoto mdogo sana asiyeweza kupima nguvu zake mwache na minyoosho ya kawaida.

Kisha, na hapa ndipo kiini cha kazi kilipo, itumie ile nafasi uliyoipata. Ukiwa bado umepata joto la msamba, nyanyua mikono kutoka kwenye matofali na ujishikilie kwa miguu sekunde tano. Inuka, shika ukuta, inua mguu mbele hadi mwisho wa nguvu yako, shikilia sekunde tatu, ushushe taratibu. Mara tano, mizunguko mitatu, kila mguu. Fanya na kwa nyuma. Ukikaa chini miguu imenyooka mbele na mikono pembeni ya magoti, unaweza kunyanyua visigino kidogo kidogo. Ni zoezi linaloonekana la kitoto na linachoma mapaja kuliko yote. Yule msichana wa nyuzi 140 nilimwondolea kunyoosha kwa wiki kumi, nikamwachia kazi hii pekee. Msamba wake wa sakafuni haukubadilika hata kidogo. Mruko wake ulipita nyuzi 160.

Kuhusu msamba unaopita nyuzi 180, ule wa kuweka mguu juu ya godoro au kitu kilichoinuka: fanya tu kama pande zote mbili zimefika chini zikiwa zimenyooka, huna maumivu, na mchezo wako unaudai kweli. Kitu cha kuinulia kiwe laini na kifupi, na mwili ubebwe pia na mikono. Usining'inize goti hewani huku kisigino peke yake kimeshikwa, kwa sababu mzigo wote unaangukia ligamenti za goti, na goti halikuumbwa kukunjika upande huo.

Msamba wa kati, miguu kando, una siri moja tu. Usiache magoti yaanguke mbele. Elekeza magoti na vidole juu, inamisha nyonga mbele kidogo, na mfupa wa paja utapata nafasi zaidi. Ukihisi kugonga au kubanwa badala ya mvuto, huo ndio mwisho wako kwa sasa, na pengine ndio mwisho wako kabisa.

Hatua ya nne: daraja na mgongo

Daraja zuri linafunguka mabegani na sehemu ya juu ya mgongo. Daraja baya linakunjika pingili moja au mbili za kiuno, kama kijiti kinachovunjika mahali pamoja. Wanajimnastiki hupata zaidi ufa wa uchovu katika mfupa wa pingili za chini za kiuno, hasa ya tano, kuliko watu wa kawaida, na kukunja nyuma mara kwa mara ni sababu kubwa.

Njia ya kulirekebisha ni kuinua miguu. Weka miguu juu ya godoro nene au benchi, mikono sakafuni, kisha nyoosha magoti na sukuma kifua kielekee ukutani nyuma ya mikono yako. Mabega yafike juu ya viganja au yapite kidogo. Kalio likazwe. Sekunde 10 hadi 15, mara tatu, zinatosha. Kabla ya hapo nyoosha mabega peke yake: piga magoti, weka viwiko juu ya benchi, zamisha kifua, mbavu zikiwa ndani.

Maumivu ya kiuno yanayokuja wakati wa kukunja nyuma na kudumu zaidi ya wiki mbili yapelekwe kwa daktari, na madaraja yasimame hadi jibu lipatikane. Usikubali kuambiwa ni ukuaji tu.

Kuhusu kusukumwa

Hakuna mtu anayepaswa kumkalia mtoto kwenye msamba, kumkanyaga mapaja, wala kumbana chini huku analia. Nasema hivi nikiwa nimewahi kubanwa hivyo mwenyewe utotoni, nikasikia kitu kikikatika chini ya kalio, na nikakaa miezi mingi bila kukimbia. Kwa mtoto anayekua, kano ya misuli ya nyuma ya paja imeshika kwenye kipande cha mfupa wa kukalia ambacho bado hakijaungana na nyonga. Kwa wengi hakiungani hadi mwisho wa ujana. Ukivuta kupita kiasi, kano inaweza kung'oa kipande hicho badala ya msuli kunyooka. Ripoti ya Whyte ya mwaka 2022, iliyochunguza malalamiko ya wanajimnastiki wa Uingereza, iliweka kunyooshwa kupita kiasi miongoni mwa vitendo vya unyanyasaji.

Mwalimu akihitaji kugusa, amwombe mtoto ruhusa, aelekeze nyonga au goti kwa kiganja wazi, na aache mara mtoto anaposema basi. Neno "basi" lisijadiliwe. Mzazi, una haki ya kukaa ukumbini na kutazama kipindi cha kunyoosha. Ukizuiwa, mtoe mtoto wako.

Miezi ya kurefuka

Kuna kipindi ambapo mtoto aliyekuwa analala msamba bila shida anakuwa mgumu ghafla. Mara nyingi wasichana hukua kwa kasi karibu na miaka 11 au 12, wavulana 13 au 14. Mifupa inatangulia, misuli na kano zinafuata nyuma zikiwa zimevutwa. Pima urefu kila mwezi ukutani. Ukiona umepanda kwa kasi, punguza minyoosho mikali, achana na kukaza na kulegeza kwa nguvu, dumisha ile nafasi aliyonayo, na ongeza nguvu. Kupoteza sentimita kadhaa za msamba kwa miezi michache si janga. Zitarudi.

Ratiba ya wiki, na kurudi baada ya kuumia

Minyoosho mirefu siku tatu kwa wiki, kila msuli upate jumla ya sekunde 60 hadi 120. Kazi ya nguvu ya kuinua na kushikilia miguu siku tatu, inaweza kuwa siku zile zile baada ya kunyoosha. Kunyoosha kwa mwendo kila siku ya mazoezi. Siku moja pumzika kabisa. Mabadiliko ya kuonekana huchukua wiki sita hadi kumi na mbili. Anayekuahidi msamba ndani ya siku saba anakuuzia jeraha.

Ukiumia nyuma ya paja, kosa kubwa ni kuendelea kuinyoosha sehemu inayouma kwa imani kwamba imekaza. Iache minyoosho. Anza na kukaza msuli bila kusogea, ukiwa umelala kifudifudi na kisigino kikisukuma nyuma dhidi ya mkono wa mtu, bila maumivu. Kisha kutembea, kukimbia polepole, kuinua nyonga kutoka sakafuni kwa miguu miwili, halafu mmoja. Mvuto wa msamba uwe wa mwisho kurudi, na urudi kwenye matofali yale yale uliyoanzia. Kama ulisikia kitu kikikatika, uliona mvilio mweusi, au huwezi kukaa kwenye kiti kigumu bila maumivu, usianze hatua yoyote kabla daktari au mtaalamu wa fiziotherapia hajakuangalia na, ikibidi, kukupiga picha ya mfupa.